Neno Hili "Kiboko"

Hapana mtoto aliyepita mlango wa shule katika nchi yetu asiyelijua neno hili kiboko. Na wengi wao hawajamwona kiboko mwenyewe. Mnyama yule akaa mbali nao, katika mto Pangani na katika maziwa na mabwawa ya bara, naye hutoka majini usiku kwenda kula majani. Lakini mtoto wa Bulwa au wa Kwamkoro, huku juu kwetu Amani, penye vijito vya maji baridi visivyoweza kumchukua mnyama mkubwa kama yule, akisikia "viboko vinne" hamwazi mnyama kamwe. Awaza kiganja cha mkono wake. Basi nimeona vema kuuliza mwezi huu: neno hili limetoka wapi, limefikaje katika vinywa vya waalimu na wazazi, na je, asili yake yatufundisha lolote juu ya jambo lenyewe? Wako wasemao ya kuwa neno ni neno tu, na ya kwamba mtu hachapwi kwa kamusi. Ni kweli. Lakini neno lililotumika siku nyingi hukusanya mambo ndani yake kama mfuko wa msafiri, nasi tukiufungua twaona njia alizopita.

Tuanze na ngozi. Ngozi ya kiboko ni nene ajabu, mahali pengine yapata unene wa vidole viwili au vitatu. Zamani watu waliikata vipande virefu, wakavianika, wakavikwangua hata vikawa vyembamba upande wa ncha na vinene upande wa kushika, kisha wakavipaka mafuta. Kitu kilichopatikana hupindika bila kuvunjika, wala hakichakai upesi kama ufito. Ufito hukatika mkononi mwa apigaye, nao kwa kukatika kwake humwambia, "Basi, yatosha." Ngozi ya kiboko haisemi neno hilo.

Mjeledi wa ngozi hiyo ulijulikana katika Afrika sehemu nyingi, na kila nchi ililipata jina lake kwa njia yake. Misri na Sudani waliuita kurbashi, neno la Kituruki. Kusini wauita sjambok, na neno hilo lilisafiri safari ndefu kuliko mnyama mwenyewe: lilitoka Uajemi, likafika visiwa vya Java kwa Wamalai, na kutoka huko likaletwa Rasi na watu wa meli za Waholanzi. Kongo ya mfalme Leopold, Wazungu waliuita chicotte, kwa kufuata Wareno. Sisi hatukutafuta mbali. Tulichukua jina la mnyama, tukampa mjeledi. Kisha jina la mjeledi tukalipa pigo. Kisha tukahesabu mapigo kwa jina lile lile: kiboko kimoja, viboko viwili. Leo mwalimu hushika ufito wa mpera au kipande cha mwanzi, naye husema atatoa viboko. Ngozi imekwisha ondoka, mnyama yu mbali, na jina limebaki peke yake likifanya kazi.

Lugha yetu yapenda sana kufanya hivyo. Mkwaju ni mti mwema wenye kivuli, na matunda yake hutiwa katika uji na mchuzi. Lakini kwa sababu fimbo zake ni ngumu, "mkwaju" umekuwa pigo, na siku hizi hata katika mchezo wa mpira wasema "mikwaju ya penati". Bakora ni fimbo ya mzee ya kutembelea, yenye mkono uliopinda. Nayo pia imekuwa pigo. Na neno mjeledi lenyewe, lililotoka kwa Waarabu, ni la ukoo mmoja na neno la ngozi; na kutoka ukoo huo huo tumepata jalada, yaani ngozi au karatasi ngumu inayokifunika kitabu. Msomaji akikishika kitabu chake cha sala kwa jalada lake, ameshika ndugu yake mjeledi. Nadhani waalimu wengi wa zamani wangelicheka kusikia hivyo, maana wao walivishika vyote viwili pamoja, hiki mkono wa kuume na kile mkono wa kushoto.

Sasa tuje kwa historia, maana hapa ndipo mfuko ulipo mzito. Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, walipoitawala pwani hii, walikuta mijeledi na walikuta adhabu za kupiga. Hawakuzileta wao kwa mara ya kwanza. Lakini waliyoleta ni mambo mawili mapya: hesabu na karatasi. Tarehe 22 Aprili 1896 Kansela wa Ujerumani alitoa amri juu ya hukumu za wenyeji katika makoloni ya Afrika Mashariki, Kamerun na Togo. Amri ile ilisema kwamba mwanamume mwenyeji aweza kuhukumiwa kupigwa, lakini mapigo yasizidi ishirini na tano kwa mara moja. Na ikiwa hukumu ni ya kupigwa mara mbili, zipite wiki mbili kwanza kabla ya mara ya pili. Kijana aliyekuwa chini ya miaka kumi na sita alipigwa kwa ufito, si kwa mjeledi, na mwisho wake ulikuwa ishirini. Wanawake walikatazwa kupigwa. Waarabu na Wahindi nao walikatazwa, wala msomaji hana haja ya kuambiwa sababu. Mwaka ule ule reli kutoka Tanga ilifunguliwa hadi Muheza, na mashamba ya kahawa yalikuwa yakifyekwa katika misitu ya milima yetu hii. Wenye mashamba walitaka watu wa kazi, na mfanyakazi aliyetoroka au aliyeitwa mvivu alipelekwa kwa bwana mkubwa wa wilaya, akapata sehemu yake.

Mtu aliyeisoma amri ile Berlin aliiona kuwa ni mpaka, na huenda moyoni alijisifu kwa huruma yake: kabla yake palikuwa hapana hesabu, na sasa pana hesabu. Lakini pwani watu hawakusikia "yasizidi". Walisikia "ishirini na tano". Na kwa kuwa watu wa pwani walizoea hesabu za Kiarabu, walisema "hamsa ishirini", na neno hilo likawa kama jina la pili la serikali. Mwizi wa kuku, mpagazi aliyechelewa, boi aliyevunja sahani, wote waliijua hamsa ishirini. Hukumu za namna hiyo ziliandikwa vitabuni kwa maelfu kila mwaka, mbali na zile ambazo hazikuandikwa popote. Mwaka 1907 Bernhard Dernburg, mkuu wa mambo ya makoloni, alikuja mwenyewe kuitazama nchi. Na aliporudi kwao aliwaambia wabunge ya kuwa ni jambo la aibu kuona Wazungu wengi namna ile wakitembea na mijeledi mikononi, na ya kuwa aliuona mmoja hata juu ya meza katika ofisi kuu ya malipo, Dar es Salaam. Fikirini: mahali pa kuhesabia fedha! Mjeledi ulilala pale karibu na wino na kalamu kama kitu kimoja cha ofisi.

Nasema neno hili kwa urefu kwa sababu moja. Mpaka ukiwekwa juu ya jambo la kuumiza, una hatari ya kugeuka kuwa kipimo. Mwenye kusema "yasizidi ishirini na tano" ataka kuzuia. Lakini mwenye kupiga, akifika kumi na mbili, hajioni amepiga vya kutosha, ajiona amefika katikati. Na mwenye kupigwa aona kama deni ambalo halijalipwa lote. Jambo hili halikuwa la Wadachi tu. Waingereza walipochukua nchi baada ya vita, adhabu ya viboko iliendelea katika mahakama, na mwaka 1930 iliandikiwa sheria yake maalum; na baada ya 1946 Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa liliihimiza serikali mara nyingi iiache. Kisha tukapata uhuru wetu wenyewe. Mwaka 1963 Bunge letu lilitunga sheria ya adhabu za chini kabisa kwa wezi wa mali ya umma na walaji rushwa. Na ndani yake mlikuwa na viboko ishirini na vinne: kumi na viwili siku ya kuingia gerezani, na kumi na viwili siku ya kutoka. Ishirini na vinne, ndugu zangu. Kimoja tu kasoro ya hamsa ishirini! Sitaki kusema ya kwamba waliotunga sheria ile waliikumbuka hesabu ya zamani. Huenda hawakuikumbuka hata kidogo, na hilo lanitia fikira zaidi.

Lakini wasomaji wasidhani ya kuwa mambo haya ni yetu sisi watu wa Afrika na waliotutawala tu. Wako Waskoti, watu wa kaskazini ya Uingereza, ambao wamisionari wao walifika Kikuyu mwaka 1898, na wenyeji wakashindwa kulitamka jina la kabila lao, wakasema Thogoto. Na mahali pale paitwa Thogoto hata leo. Waskoti hao wasifiwa ulimwenguni pote kwa kuipenda elimu. Nao katika shule zao walikuwa na chombo chao cha adhabu, ukanda wa ngozi nene uliopasuliwa ncha zake kuwa mikia miwili au mitatu, na mtoto alipigwa nao kiganjani. Jina lake lilikuwa tawse, nalo hutamkwa kama tukisema "tozi". Asili yake ni neno la kale lenye maana ya kipande cha ngozi iliyotengenezwa, na wataalamu wa lugha wasema ya kuwa tawse ni uwingi wake: yaani vipande vya ngozi. Neno hilo lajulikana kwao tangu karne ya 16. Kwa muda mrefu watu waliusahau uwingi ule, wakasema tawse moja. Na mapigo yenyewe waliyaita kwa jina la kiganja, kwa sababu ndipo yalipoangukia.

Tena ulikuwako mji mmoja wa wachimba makaa katika jimbo la Fife, jina lake Lochgelly, ambako mafundi wa matandiko ya farasi walishona kanda hizo vizuri kuliko wengine, wakaziuza kwa waalimu wa nchi nzima, kwa unene na uzito mbalimbali. Hata ikawa mtoto akiambiwa atapata Lochgelly alijua si safari. Mnaona sasa jinsi wanadamu walivyo sawa. Kwao mji uligeuka pigo. Kwetu mnyama amegeuka pigo. Watu wa Lochgelly walijenga nyumba, waliimba kanisani, walizika wafu wao, walilea watoto. Na katika vinywa vya watoto wa nchi nzima mji wao wote ukawa maumivu ya mkono.

Ukanda ule uliachwaje? Mama wawili wa Uskoti walikataa watoto wao wapigwe shuleni, na mashauri yao yakafika mahakama ya haki za wanadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 1982 iliamua ya kuwa serikali haikuiheshimu imani ya wazazi hao juu ya malezi. Mwaka 1987 adhabu ya kupiga ilikoma katika shule za serikali za Uingereza na Uskoti, na mwaka 2000 Uskoti ikaikomesha hata katika shule za watu binafsi. Sasa kanda zile za Lochgelly zanunuliwa kwa bei kubwa na watu wapendao kukusanya vitu vya kale, kama vile wengine wanunuavyo saa na sarafu. Wazee wao wakizitazama hucheka, nao huonyeshana viganja.

Hicho kicheko cha wazee ndicho nilichotaka kukifikia, maana kwetu nacho kipo. Tukizungumza habari hizi, hakosi mmoja wa kusema, "Mimi nilichapwa sana, na ndiyo maana nimekuwa mtu." Husema kwa furaha, na moyoni ana shukrani kwa mwalimu wake wa zamani, wala si vema kumdharau. Lakini tuyapime maneno yake. Neno la kwanza, "nilichapwa," twalikubali. Neno la pili, "nimekuwa mtu," twalikubali pia, kwa maana twamwona. Lakini yale maneno ya katikati, "ndiyo maana," ameyapata wapi? Alichapwa, na pia alifundishwa kusoma. Alichapwa, na pia mama yake aliamka alfajiri kumpikia uji. Alichapwa, na pia alikuwa na akili aliyojaliwa. Kati ya hayo yote amechagua moja akalipa sifa ya mengine. Tena yuko mwenzake waliyeketi naye katika benchi moja, ambaye alichapwa kama yeye, na siku moja akaacha kuja shule. Huyo hayupo katika mazungumzo yetu. Yuko shambani, au mjini, au kaburini. Hatumwiti kutoa ushahidi. Wote wasimuliao habari ya kiboko kwa kicheko ni wale waliobaki hata mwisho, na si ajabu wakisema njia ni nzuri.

Mtu atanijibu kwa mithali, na mithali zipo. "Mcha mwana kulia hulia yeye." "Samaki mkunje angali mbichi." Mimi nazipenda mithali hizi wala sina nia ya kuzipinga. Lakini ya kwanza yasema juu ya mzazi aogopaye machozi ya mtoto. Na mtoto hulia kwa kunyimwa, kwa kuambiwa "hapana", kwa kuamshwa mapema, kwa kurudishwa kwa jirani akatoe alichokichukua. Mzazi awezaye kuyavumilia machozi hayo ameitimiza mithali, na fimbo haijaguswa. Na ile ya samaki, mwenye kuijua kazi ya samaki ajua ya kuwa samaki mbichi hukunjwa polepole. Akipigwa huvurugika.

Wengine watafungua Kitabu cha Mithali katika Biblia, ambacho chataja fimbo waziwazi kwa habari ya mwana. Hili ni jambo zito kwa Mkristo, nami silipiti kimya. Neno la Kiebrania lililoandikwa pale ni neno lile lile lililoandikwa katika Zaburi ya ishirini na tatu, kwa fimbo ya mchungaji imfarijiyo kondoo bondeni; tena laweza kuwa fimbo ya enzi ya mfalme, na hata kabila la watu. Sisemi ya kuwa katika Mithali halina maana ya kupiga; ingekuwa ni kujidanganya, maana yako maneno mengine katika kitabu kile kile yasemayo kupiga. Nasema tu ya kuwa aliyeisikia fimbo ile kwa Kiebrania alisikia ndani yake mchungaji na mfalme na jamaa yake nzima. Sisi tukisikia kiboko twasikia ofisi ya Dar es Salaam na mjeledi juu ya meza. Fimbo ile na kiboko hiki havikutoka katika mfuko mmoja. Haifai kuchukua heshima ya kile cha kwanza kukivika hiki cha pili.

Sasa nitasema juu ya maneno mawili mengine, ambayo naona ndiyo kiini cha shauri. Tuna neno adabu, na tuna neno adhabu. Kwa sikio la mtu asiyeyatamka vema yakaribia kuwa neno moja, na bara wako wengi wasioweza kuyatenga. Tena twasema "kumtia mtu adabu" na maana yetu ni kumpiga, hata maneno hayo mawili yamekaa nyumba moja. Lakini kwa Waarabu, tulikoyapata, hayana undugu wowote. Adhabu ni mateso, maumivu. Adabu ni mwenendo mwema, malezi, ustaarabu. Na elimu ya mashairi na vitabu huitwa kwa neno lile lile. Tena katika shina moja na adabu Waarabu wana neno la karamu, ile watu wanayoalikwa. Mwenye adabu ni kama mtu aliyekwisha alikwa mezani, akajua kukaa na wenzake. Ni nani aliyepata kualika watu karamuni kwa mjeledi?

Na nidhamu, neno ambalo waalimu twalipenda mno kuliandika katika ripoti? Asili yake ni kupanga shanga katika uzi, na pia kutunga mashairi. Na ajabu ni kwamba Kiswahili chetu chenyewe kina neno kutunga, nalo lafanya kazi hizo hizo mbili, ya shanga na ya shairi. Mwenye kutunga ushanga hana haraka. Ushanga mmoja ukianguka huinama kuutafuta, kwa sababu bila huo mkufu hautimii. Hata Walatini, ambao neno lao la nidhamu limeingia katika lugha nyingi za Ulaya, walilitoa katika neno la mwanafunzi, yaani ajifunzaye. Nimeyatafuta maneno haya yote ya heshima, adabu, nidhamu, malezi, wala sikuona pigo katika shina la hata moja. Pigo limeingia baadaye, kwa mlango wa nyuma, likaketi mahali pa mwenye nyumba.

Kwa upande mwingine, tazameni kiboko kilivyopanda cheo katika mazungumzo ya vijana. Mchezaji hodari wasema, "Huyu ni kiboko." Timu ishindayo nyingine kila mara ni "kiboko yao". Mtu mkaidi akipata wa kumweza wasema, "Amepata kiboko yake." Maneno haya ni ya mchezo, nami sina neno nayo, hucheka nikiyasikia. Lakini sikilizeni yanavyosema: mkuu ni yule awezaye kuwapiga wengine. Hakuna kijana asemaye, "Huyu ni karamu yao."

Nirudi kwenye shule zetu, maana hapo wako watoto. Sheria ya Tanzania bado yaruhusu viboko shuleni. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu mpaka sita. Mwaka 2002 zikapunguzwa kuwa vinne. Tena kanuni zasema ya kuwa adhabu hiyo ni kwa kosa kubwa. Ya kuwa mwalimu mkuu ndiye atoaye, au yule aliyemruhusu kwa maandishi. Ya kuwa msichana apigwe na mwalimu wa kike, ikiwa yupo. Na ya kuwa iandikwe kitabuni. Jirani zetu wameiondoa kabisa: Kenya mwaka 2001, na Uganda kwa sheria ya watoto ya mwaka 2016. Sisi tuna "visizidi vinne". Nami nauliza waalimu wenzangu swali lile la mwaka 1896: je, tumesikia "visizidi", au tumesikia "vinne"? Mwenye kutembea asubuhi karibu na shule nyingi ataona fimbo katika mikono ya waalimu wengi, si wa mwalimu mkuu tu, na makosa yenyewe ni kuchelewa, kelele, na hesabu isiyojibiwa vema. Mwaka 2018, katika Mkoa wa Kagera, mtoto mmoja wa shule ya msingi alikufa baada ya kupigwa na mwalimu, kwa sababu ya mkoba uliodhaniwa kuibwa. Najua waalimu wengi walihuzunika kwa habari ile, na wengine walisema, "Yule alizidisha." Ndivyo; alizidisha. Lakini kitu kisicho na kuzidisha ndani yake hakihitaji mpaka.

Najua pia kilio cha waalimu, nami ni mmoja wao. Watoto sabini au themanini katika chumba kimoja, na sauti moja ya mwalimu, na mvua juu ya bati. Fimbo yamaliza kelele kwa dakika moja. Na wazazi wenyewe huja shuleni wakasema, "Mwalimu, mchape tu, ni mwanao huyu." Neno hilo ni la imani kubwa, nami nalipokea kwa heshima, ila natamani nimwulize yule mzazi, asemapo "ni mwanao," ananipa mtoto au ananipa mwili wake?

Chukueni kosa la kuchelewa, ambalo huku milimani ndilo la kila siku. Mvua za Amani mwazijua. Njia huteleza, na vijito vinavyoshuka kwenda Sigi hujaa usiku mmoja. Mtoto atokaye ng'ambo ya bonde hungoja maji yapungue. Mwingine, wakati wa iliki, ameamka gizani kuchuma pamoja na mama yake. Mwingine amelala tu, kwa uvivu, kama sisi tulivyolala. Wote watatu wafika mlangoni saa ile ile, wamelowa sawasawa, na kiboko kina jibu moja kwa wote watatu. Yule wa kijito amepigwa kwa sababu ya mvua. Yule wa iliki kwa sababu ya umaskini wa nyumba yao. Na yule mvivu, ambaye ndiye pekee mwenye kosa, amelipa deni lake kwa dakika moja, naye kesho yu huru kulala tena. Lakini mwalimu akimwuliza kila mmoja sababu, na akaiandika sababu hiyo katika kile kitabu ambacho kanuni zataka kiandikwe, kwa mwezi mmoja atakuwa amejua ni kijito gani chahitaji daraja la magogo, ni nyumba gani za kuzungumza na mama juu ya iliki, na ni mtoto yupi wa kubakizwa jioni apange madawati. Kazi hiyo ni ndefu kuliko viboko vinne. Daraja la magogo latakiwa watu sita na siku moja, na wakati mzuri wa kulijenga ni sasa, kabla ya masika.